Posa ya Watalii Kumi na Wawili

Kwa miaka mitatu nilifua mashuka ya watu waliolipa fedha nyingi sana ili wasiitwe watalii. Waliitwa wanamsafara. Meli yetu ilikuwa ndogo, na ule udogo ndio uliokuwa ukiuzwa kwa bei kubwa: vyumba hamsini, hakuna kamari, hakuna bwawa la watoto, hakuna watoto wenyewe. Mahali ambapo meli nyingine huweka mwimbaji, sisi tuliweka mhadhara, kila jioni, kuhusu mitumbwi au viungo au makaburi ya zamani. Majira ya baridi tulikaa Dubai, tukienda Musandam na Muscat na kurudi, na mara moja kwa mwaka meli iliteremka mpaka Lamu na Zanzibar. Kila abiria akipanda alipewa koti la msafara, la rangi ya machungwa, zito, lenye mifuko tisa. Hata hiyo baridi ya Dubai ni joto la kumkosesha mtu adabu, na bado walilivaa mpaka kwenye basi.

Mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia, mahali pasipo na dirisha. Nilijua tumefika bandarini pale mashine zilipoacha kuyumba. Kabla ya hapo nilifua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda kimoja kule Dubai Investments Park, na kabla ya kiwanda nilikuwa dada wa kazi kwa madam mmoja Deira. Ukipenda unaweza kusema nimeiosha Dubai kwa awamu.

Mwaka huo tukaambiwa kwamba msimu ukiisha chumba cha kufulia kitafungwa, mashuka yatapelekwa nchi kavu, na sisi wafuaji tutapewa tiketi za kurudi kwetu. Wiki hiyohiyo ikatokea nafasi moja juu, ya msaidizi wa utamaduni. Aliyekuwa nayo, Mkenya wa Mombasa, alikuwa amemsahihisha mkuu wa msafara mbele ya wageni, akisema kile walichokuwa wanakula ni pilau wala si biriani. Alisema kweli, na aliteremshwa Muscat na sanduku lake. Mimi niliitaka ile nafasi kwa uchu, wala sioni haya kusema. Nilitaka dirisha, na nilitaka mkataba wa miaka miwili wenye jina langu badala ya namba ya mashine.

Mkuu wa msafara tulimwita Daktari, ingawa hakuwa wa kutibu. Alikuwa mzungu mrefu wa kandambili za ngozi, aliyepata shahada yake kubwa kwa kusoma habari za milango ya pwani. Milango tu, watu wanaoingia na kutoka hakuwafikia. Aliteremka mwenyewe mpaka kwenye mvuke wa mashine, akaniuliza kwa Kiswahili cha vitabuni, "U hali gani, ewe dada? Wewe u Mswahili?"

Mimi ni Mnyaturu wa Singida. Maji makubwa niliyokulia karibu nayo ni ziwa la chumvi ambalo hata ng'ombe husita kulinywa. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa dirisha la basi, nikienda kupanda ndege ya kuja huku. Nikamwambia, "Ndiyo, Daktari, mimi ni Mswahili."

Kuanzia jioni ile nikawa natambulishwa kwa wageni kuwa binti wa bahari, niliyelelewa kwa sauti ya mawimbi. Nilivalishwa kanga mbili na kikuba cha maua ya plastiki. Bibi mmoja abiria alinishika mkono akaniambia anaona bahari machoni mwangu, na mimi nikayakodoa zaidi ili aione vizuri. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja mtaa wa International City siku za mapumziko, Mkenya wa Kirinyaga anayelinda mlango wa duka kubwa, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wewe ni Mswahili tangu lini? Si juzi ulisema hata kuogelea hujui? Lakini uza tu, msichana. Hawa watu wamelipa kuuziwa."

Sasa ilibaki mtihani. Kabla ya meli kuteremka kwenda Zanzibar, Daktari alitaka wageni kumi na wawili, wale wa vyumba vya juu, watembelee nyumba halisi ya Waswahili hapahapa Dubai. Nikiipata nyumba na ziara ikaenda vizuri, nafasi ni yangu. Isipoenda vizuri, alisema kwa upole mkubwa, basi ningepata angalau uzoefu.

Nyumba niliijua moja tu, na hapo ndipo ninapaswa kuacha mzaha kidogo.

Nilipokuwa kwa yule madam wa Deira, siku moja nilikuwa kwenye lifti ya jengo letu nikigombana na kaka yangu kwa simu. Bibi mmoja wa buibui, mfupi, mwenye miwani mizito, alisimama kimya akinisikiliza mpaka ghorofa ya tatu. Mlango ulipofunguka akanishika kifundo cha mkono. "Ukisha kumtukana, njoo ule," akasema. Alikuwa Mzanzibari aliyekuja Dubai na mumewe zamani sana, mume akafa, yeye akabaki, akiishi na mjukuu wake wa kike. Aliniuliza kabila langu, dini yangu na idadi ya ndugu zangu kabla sijameza tonge la kwanza, na baada ya hapo hakuuliza tena. Kila Ijumaa niliyopata ruhusa nilikula kwake. Madam aliponiambia khalas, kazi imekwisha, akaniweka nje na begi, nililala kwa Bibi siku kumi na moja, na siku zote hizo hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini.

Bibi alikuwa na shughuli moja tu iliyobaki duniani, nayo ni kumwoza mjukuu. Mjukuu alikuwa na miaka thelathini na nne, anafanya kazi mapokezi ya kliniki ya meno, anazungumza Kiingereza kizuri kuliko madaktari wake. Mwenyewe hakuwa na haraka. Lakini lile jengo lina familia nyingi za Kizanzibari, na wasichana wote wa rika lake walikuwa wameposwa mmoja mmoja, na kila posa ilipita mbele ya mlango wa Bibi kwenda mlango wa jirani. Kabatini alikuwa na seti ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, havijawahi kuguswa na chai. "Vya siku watakapokuja watu," aliniambia, na hakuhitaji kunieleza watu gani.

Nilipomwomba awapokee wageni wa meli, alinitazama juu ya miwani. "Ni kazi yako hiyo?"

"Ndiyo, Bibi. Wakifurahi, wananipa mkataba."

"Basi na waje. Kazi yako yangu."

Daktari akaja kwanza kukagua. Bibi alimpa juisi ya ukwaju, naye akasimama katikati ya sebule akitazama makochi, televisheni, mashine ya maji ya kunywa na saa ya ukutani inayoadhini, akiwa na uso wa mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Aliuliza kama televisheni inaweza kupumzika siku hiyo. Aliuliza kama makochi yanaweza kwenda chumbani, na wageni wakae kwenye majamvi. Aliuliza Bibi anakuna nazi saa ngapi.

"Mwambie natumia tui la kopo," Bibi akasema.

Nikamwambia Daktari kwamba Bibi hukuna nazi alfajiri. Siku ya pili akatuma mbuzi ya kukunia nazi kutoka kwenye kabati la maonyesho la meli, bado ina kile kikaratasi cha maelezo kilichofungwa kwa uzi. Majamvi tulinunua duka la chini ya jengo, na nilibandua lebo ya kiwanda cha China kwa kucha. Bibi aliifunika televisheni kwa shuka, akasema wapangaji wenzake watadhani kuna msiba. Tulicheka sana siku ile, sisi watatu, mimi na Bibi na mjukuu, tukisukuma makochi.

Siku mbili kabla ya ziara Daktari akaniita maktaba. Alifungua kitabu cha zamani penye picha: wazee wa kanzu na kofia wanaingia nyumba ya mtu, wa mbele amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha nakshi. Chini ya picha, alisema, imeandikwa tu kwamba ni wazee wakipeleka zawadi. Basi naye ameamua wageni wetu wasiingie mikono mitupu kama watalii. Wataingia kwa adabu ya pwani. Alikuwa ameshanunua sinia la shaba kule sokoni Deira. Ndani aliweka kitambaa cha gauni, udi, chupa ya manukato, halua, na asumini zilizotoka kwenye friji ya jikoni. Wanaume sita wangevaa kanzu na kofia kutoka duka la meli, wanawake sita wangejifunga kanga. Mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote, daktari wa meno mstaafu, angekuwa msemaji. Na juu ya sinia, akasema kwa furaha ya mtoto wa sikukuu, pawe na barua.

Barua niiandike mimi, kwa Kiswahili kizuri. Iseme kwamba wazee hawa wametoka mbali, wamekuja kwa heshima, wanaomba kujenga udugu na nyumba hii.

Sasa niambie wewe unayesoma, kuna Mtanzania gani asiyejua hicho ni kitu gani? Wazee wamevaa vizuri, wanabisha hodi alasiri, wana msemaji, wana sinia, wana barua, na ndani ya nyumba kuna msichana hajaolewa. Singida hatuna asumini wala halua, lakini barua ya posa tunaijua. Mimi mwenyewe nimewahi kuandikiwa moja na nikaikataa. Nilifungua mdomo. Daktari akainua nyusi.

"Kuna kosa?" akauliza. "Nadhani wewe, binti wa bahari, ungeniambia."

Nikamkumbuka yule wa Mombasa na sanduku lake. Nikaiona na fomu ya kunipima kwa ile nafasi, palepale mezani, chini ya kiwiko chake.

"Iko sawa kabisa, Daktari," nikasema.

Barua niliandika usiku huohuo kwa mkono wangu, kwa herufi za kupinda, na niseme kweli, niliiandika vizuri. Nikamsomea yule mwenzangu wa Kirinyaga kwa simu. 

"Hiyo si ni kama ya kwenda kwa wakwe?" akasema. "Hata sisi tunaenda na watu hivyo, na msemaji hivyo. Huyo mama umemwambia?"

"Nimemwambia wageni watakuja na zawadi."

"Zawadi, eeh," akasema, akakata simu.

Nilijidanganya kwamba Bibi atacheka. Alikuwa anajua wanaokuja ni watalii, ameshafunika televisheni, ameshatandika majamvi. Ataona sinia, ataelewa ni upumbavu wa wazungu, tutakuwa na la kuchekea mwaka mzima. Na jirani? Kuhusu jirani sikutaka kufikiri.

Ratiba ilisema saa kumi na moja jioni. Lakini siku yenyewe wageni walichoka mapema kwenye soko la viungo. Mmoja goti lilimuuma, mwingine alikuwa amenunua zafarani na akataka kuketi nayo. Saa tisa na nusu Daktari akapiga makofi. "Yalla! Twende sasa. Wenyeji hawa si watumwa wa saa." Nilimpigia Bibi simu mara mbili. Hakupokea; saa hiyo huwa kwenye mswala. Mjukuu alikuwa na zamu ya asubuhi, nikajua yumo njiani au ndio ameingia.

Lifti ya jengo lile inabeba watu sita. Daktari akapanga wanaume watangulie na sinia, wanawake wafuate, ili kuingia kwao kuwe na mpangilio; mimi na yeye tukapanda ngazi mbio. Kwa hiyo lifti ilipofunguka ghorofa ya tatu, walitoka wazee sita wa kanzu nyeupe na kofia, wa mbele ameshika sinia la nakshi kwa mikono miwili, anatetemeka kidogo kwa uzito, wote kimya kwa heshima waliyofundishwa. Makoti ya machungwa walikuwa wameyaacha kwenye basi. Hayo tu ndiyo yangeweza kutuokoa.

Jirani wa mlango wa kwanza alikuwa anatoa takataka. Aliwatazama, akalitazama sinia, akatazama wanakoelekea, mlango wa mwisho. Mfuko wa takataka ukamdondoka. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika ng'ambo ya Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji.

Milango ikafunguka. Wanawake wakatoka, wengine na mwiko mkononi, mmoja na unga mpaka kiwikoni. Kigelegele kikapokewa kule, kikapokewa huku. Hakuna aliyeuliza hawa wazee ni wa wapi. Mtu akiona nyuso nyekundu chini ya kofia, Dubai hii, atadhani Waturuki, atadhani Washami, atadhani bwana harusi ana bahati zake. Simu zikatolewa. Wageni wangu walipagawa. Walidhani ndivyo ghorofa hii inavyosalimia watu. Lifti ikarudi na wale wanawake sita, kanga zimewakaa kama taulo za kuogea, na vigelegele vikaanza upya.

Bibi akafungua mlango katika kelele zile. Alikuwa bado na ushungi wa kuswalia. Aliona sinia. Mimi nilikuwa nyuma, nimezibwa na kanzu, lakini uso wake niliuona wote, na ningelipa chochote nisiwe nimeuona. Aliweka kiganja kifuani. "Alhamdulillahi," akasema taratibu, na macho yake yakaenda ndani, kwenye kabati la vikombe. Nyuma yake mjukuu alitokea akiwa na sare ya kliniki, anajivuta mtandio kichwani haraka, na yeye pia aliona sinia, na yeye pia, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, aliamini.

Halafu Daktari akanisukuma mbele. Nilikuwa na beji ya meli kifuani na kibao cha kuongozea watalii mkononi, chenye namba nne.

Bibi alikitazama kibao. Akanitazama mimi. Akashusha mkono kutoka kifuani.

"Karibuni," akasema. "Piteni ndani."

Waliingia, wakakaa kwenye majamvi kwa kuguna na kushikana, maana magoti yao hayakuwa ya kazi ile. Majirani nao waliingia, wakajaa ukutani. Daktari wa meno akasimama, akavaa miwani, akasoma barua yangu kwa Kiswahili ambacho nilikuwa nimemwandikia silabi kwa silabi. Aliisoma vizuri kuliko alivyostahili. "Tumetoka mbali, tumekuja kwa heshima, tukiomba kujenga udugu na nyumba hii." Alipomaliza, mmoja wa majirani, aliyekuwa karibu na televisheni iliyofunikwa, akaona kibao changu, akaona kamera ya Daktari, akaelewa. Alimnong'oneza mwenzake. Kicheko kilianza kidogo, kimezibwa na mtandio, kikapita ukutani mpaka mlangoni.

"Posa ya watalii!" mtu akasema kule nje. Wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu ile ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Bibi hakugeuza hata shingo. Aliketi wima mbele ya sinia, akasema nami kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hii barua mwandiko wa nani?"

"Wangu, Bibi."

"Huko kwenu Singida, watu hawaposi?"

"Wanaposa, Bibi."

"Kwa barua?"

"Kwa barua."

"Basi weye ulijua." Hakungoja nijibu. "Waambie wamekaribishwa, wale, chakula kipo. Sinia walichukue. Waambie miye mjukuu wangu si wa maonyesho ya meli."

Nyuso kumi na mbili zikanigeukia, na ya Daktari ya kumi na tatu, kalamu imesimama juu ya daftari. Mkataba ulikuwa umbali wa sentensi moja. Nikasema kwa Kiingereza, "Bibi anawashukuru kwa heshima yenu kubwa. Anawaombea safari njema. Ila kwa mila zao, zawadi ya kwanza hurudishwa, ili mgeni apate sababu ya kuja tena."

"Aah," wakasema wote. Daktari akaandika.

Mjukuu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na jagi la juisi. Kiingereza changu chote alikielewa, na Kiswahili cha bibi yake chote alikielewa, na angeweza kunimaliza pale kwa maneno manne. Alimimina juisi, kwa zamu, kuanzia kulia, bila kumwaga tone. Aliponifikia mimi jagi lilikuwa bado limejaa nusu. Alinipita.

Walikula. Bibi alikuwa amepika kwa siku mbili: samaki wa kupaka, mikate ya kumimina, pilau ambayo Daktari aliwaeleza ni biriani. Hakuna aliyemsahihisha. Walimpiga picha akiwa na mbuzi ya nazi, na yeye alikaa, akatulia, mikono magotini, mpaka walipotosheka. Mgeni ni mgeni, na yeye hakuwa mtu wa kuwaadhibu kwa kosa langu. Vikombe vya dhahabu havikutoka.

Kwenye basi walikuwa na furaha ya watu waliookoka ajali. Mmoja alilia. Alisema katika safari zake zote duniani hajawahi kupokewa vile, kwamba wale wanawake walikuwa wametoka kwenye nyumba zao kwa ajili yake. Fomu za maoni zilirudi zimejaa mpaka pembeni. Jioni ileile Daktari akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote, na kesho yake nikatia sahihi miaka miwili. Chumba changu kipya kina dirisha. Ni la duara, na bahari ninayoiona ni kubwa mno, sijaizoea bado.

Baada ya kutia sahihi, nikijua sasa siwezi kuteremshwa Muscat, ndipo nilipomweleza ukweli. Nilimwambia alichofanya ni posa, kwamba jengo zima lilidhani binti ameposwa, kwamba alimwaibisha mama mtu mzima nyumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa aibu yake. Macho yalimng'aa.

"Posa!" akasema. "Posa halisi! Na mimi nilikuwemo!" Akanitaka nitoe mhadhara.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Deira. Mjukuu alifungua mlango kiasi cha uso.

"Shikamoo ya Bibi nimeileta mwenyewe," nikasema. Sijui kwa nini nilisema kijinga vile.

"Bibi amepumzika."

Ndani nilisikia sahani, na sauti ya Bibi ikimwambia mtu aongeze mchuzi. Mjukuu alijua nimesikia. Hakujisumbua kuona haya, na hakuwa na sababu. "Jengo zima wananiita mke wa meli," akasema. "Mimi nitazoea. Yeye hatoki tena hata kwenda dukani." Akafunga, bila kubamiza.

Nimejaribu Ijumaa nne. Bibi amepumzika Ijumaa zote nne.

Mhadhara nilitoa siku moja kabla ya meli kung'oa nanga kwenda Zanzibar. Ukumbi ulijaa. Daktari alionyesha video ya kile kigelegele, nikaelezea sinia, barua, msemaji, jinsi nyumba inavyojibu, jinsi inavyokataa. Nilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kanga, na nilizungumza vizuri, nadhani. Walicheka mahali pa kucheka. Mwisho, mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameandika tangu mwanzo bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono.

"Na yule wa katikati?" akauliza. "Yule anayewajua wote wawili, anayewapeleka wageni kwenye ile nyumba. Kama alijua posa ni ya uongo, naye anafanywaje?"

"Hafanywi kitu," nikasema. "Hapigwi, hatukanwi. Anaambiwa mwenye nyumba amepumzika."

Wakapiga makofi. Daktari akaniinamia sikioni, akaniomba niirudie polepole, maana kuna waliokuwa wanaandika. Nikairudia.